Kunenepa si Afya, Kukonda si Ugonjwa

Bila shaka umewahi kupimwa uzito na mtu asiye na mizani. Pengine ulikuwa ukishuka kutoka kwa matatu pale Umoja, au ukinunua sukuma wiki kwenye kibanda huko Jericho, ukakutana na mtu mliyepotezana kwa miezi kadhaa. Kabla hata ya kukujulia hali, alikutazama kutoka utosini hadi kwenye viatu kisha akatangaza: “Umenona! Nairobi imekukubali.” Ukacheka, ukashukuru, ukaenda zako moyo ukiwa mweupe. Au aliinamisha sauti akakuuliza: “Mbona umekonda hivyo? Uko sawa kweli?” Siku yako ikaharibika papo hapo.

Salamu hii tumeizoea sana katika mitaa ya Eastlands, na siwezi kusema kwamba hutolewa kwa nia mbaya. Anayekuambia umenona anakutakia heri. Anayekuuliza mbona umekonda anakuhurumia. Hata hivyo, ninaamini kwamba salamu hii inawagharimu wengi wetu afya, na wengine uhai. Tumelifanya jicho la jirani kuwa daktari, na jicho hilo halioni damu, halioni moyo, wala haliioni sukari.

Tuanze kwa kukubali jambo moja. Hakuna mwili ambao watu wote duniani wamewahi kukubaliana kwamba ndio mzuri. Mahali pamoja husifu kile ambacho mahali pengine hukicheka, na aghalabu sababu huwa ni chakula. Palipo na njaa, mnene ndiye aliyefanikiwa. Palipo na shibe, mwembamba ndiye anayeonekana kuwa na adabu ya kujizuia.

Mwaka wa 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Katika jamaa ya mfalme Rumanika aliwakuta wanawake walionenepeshwa kwa maziwa hata wakashindwa kusimama sawasawa. Mzungu huyo alistaajabu hadi akampima mmoja wao kifua, mkono na paja, na vipimo hivyo akavichapisha katika kitabu chake cha mwaka wa 1863. Hakustaajabu kwamba wakati huo huo, huko kwao Uingereza, wanawake wa tabaka lake walikuwa wakifungwa viuno kwa nguo zenye vyuma hata kupumua kukawa taabu. Kila upande ulikuwa ukiutesa mwili wa mwanamke, na kila upande uliona ushamba wa mwenzake tu.

Huna haja ya kwenda mbali kuyaona haya. Panda matatu kutoka Kayole hadi katikati ya jiji, kisha uunganishe nyingine hadi Westlands. Kule ulikotoka, mwanamume mwenye kitambi huitwa mdosi na kupishwa kiti. Kule unakokwenda, mwenzake wa kipato kikubwa hulipa pesa nyingi kila mwezi katika ukumbi wa mazoezi ili kitambi kama hicho kimtoke. Nauli ni kidogo, lakini umevuka mpaka mkubwa.

Sisi wa Eastlands tuna sababu zetu za kuogopa wembamba, na ya kwanza ni umaskini. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo chakula kilihesabiwa. Mtu alipokwenda mashambani wakati wa Krismasi akiwa amepungua, wazee walijua mara moja kwamba jiji limemshinda. Mke akikonda, lawama ni za mume. Mtoto akikonda, lawama ni za mama. Mwili ni ushahidi unaotolewa mbele ya ukoo mzima.

Sababu ya pili ni Ukimwi. Mwaka wa 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya katika wilaya ya Rakai, Uganda, ambao wananchi tayari walikuwa wameupa jina la “Slim” kwa vile ulivyowamaliza watu miili. Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kilikuwa kimethibitishwa mwaka wa 1984, na Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo karibu kila ploti ya Eastlands ilimwona mtu akipungua wiki baada ya wiki hadi kitanda kikamshinda. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazazi wa leo. Hofu hiyo tumeirithi bila hata kuitaja kwa jina. Wala hatuko peke yetu, kwani watafiti waliozungumza na wanawake wa mtaa wa Khayelitsha, Cape Town, waliwasikia wakisema yayo hayo: ukikonda, watu watasema una virusi.

Lakini mambo yamebadilika, na macho yetu bado hayajapata habari. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi anayemeza dawa zake vizuri leo anaweza kuwa na mwili kama wako, au mkubwa kuliko wako. Na mtu mwenye nyama tele anaweza kuwa anabeba maradhi ambayo hajawahi kuyasikia. Wahenga walitwambia nyumba njema si mlango. Mwili nao ni vivyo hivyo.

Tutazame takwimu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa miaka ya 2008 na 2009, asilimia 25 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kufikia mwaka wa 2014 walikuwa wamefika asilimia 33, na mijini asilimia 43. Usidhani hao ni wake wa matajiri. Watafiti wa kituo cha APHRC walipowapima wakazi wa Korogocho na Viwandani, humu humu Eastlands, mwaka wa 2008 na 2009, waligundua kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi walikuwa na uzito uliozidi, ilhali kwa wanaume hawakufika wawili. Wakazi hao walionyeshwa michoro ya miili ya ukubwa mbalimbali, kuanzia mwembamba hadi mnene, ili waonyeshe ule unaofanana na wao. Wengi waliokuwa wanene walijiona kuwa wadogo kuliko walivyokuwa.

Hapo ndipo ile imani kwamba unene ni utajiri inapoanguka. Siku hizi unene ni wa maskini pia. Chakula cha bei nafuu zaidi mtaani ndicho kilichojaa mafuta, unga mweupe na sukari: mandazi ya asubuhi, chapati ya mchana, chipsi za jioni zilizokaangwa kwa mafuta yaliyotumika tangu jana. Mama wa kibanda huketi kutoka alfajiri hadi usiku. Fundi cherehani wa Gikomba huketi. Dereva wa matatu huketi. Tunakula kama wanaolima shamba, na shamba hatulioni ila kwa likizo.

Ubaya ni kwamba unene huu hauleti maumivu mapema. Presha haiumi. Sukari huanza kimya kimya. Uchunguzi uliofanywa na serikali mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. La kusikitisha zaidi, zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao, na karibu tisa katika kila kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Hao wote walikuwa wakipimwa kila siku na majirani.

Sasa hebu fikiria mtego huu. Tuseme wewe ni mama wa miaka 45 mwenye kilo 80. Umekwenda kliniki ukaambiwa presha yako imepanda na sukari inanyemelea, na kwamba yafaa upunguze uzito. Si lazima upungue sana. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka wa 2002 uliwalenga watu waliokaribia kupata kisukari wapunguze asilimia 7 tu ya uzito wao, na wafanye mazoezi ya dakika 150 kwa wiki kama vile kutembea kwa kasi. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwako wewe, asilimia 7 si hata kilo sita.

Unajitahidi. Unatembea kutoka stendi hadi nyumbani, unapunguza mafuta kwenye sufuria, unakunywa chai bila sukari. Baada ya miezi michache kilo sita zimekwenda na presha imeanza kushuka. Hapo ndipo majirani wanapoanza. Shingo inatazamwa. Nguo zinatazamwa. Kanisani mtu anakushika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida na kukuahidi maombi. Mumeo anaulizwa kando. Wiki mbili baadaye umerudi kwenye mandazi, si kwa sababu ya njaa, bali ili midomo ifungwe.

Kilo zile zile zinazoweza kukuokoa ndizo zinazowafanya watu wakuzike ungali hai. Nani mwenye moyo wa kuendelea?

Mtego una upande wa pili. Kwa kuwa kukonda ni aibu, yule anayekonda kwa ugonjwa wa kweli hujificha. Anavaa sweta mbili juani. Anakawia kwenda hospitali kwa kuogopa kuthibitishiwa kile ambacho mtaa umekwisha kumhukumu nacho, kumbe huenda ni kifua kikuu, ambacho hutibiwa bila malipo katika hospitali za serikali na kupona. Huenda hata ni kisukari chenyewe, kwani sukari ikipita kiasi mwili huanza kujila. Mtu huyo alisifiwa aliponenepa hadi akapata kisukari, na sasa ananong'onewa kwa sababu kisukari kimemkondesha. Mara zote mbili mtaa ulikosea.

Nawaonya pia akina dada wanaonunua vidonge na dawa za maji za kunenepesha makalio. Nyingi huwa na dawa ya mzio iitwayo siproheptadini, au deksamethasoni, ambayo ni dawa yenye nguvu inayostahili kutolewa na daktari. Deksamethasoni huvimbisha uso, hupandisha presha na sukari, na huudhoofisha mwili mbele ya maradhi. Ukiizoea kwa muda mrefu kisha uiache ghafla, yaweza kukuua.

Je, dawa ni kuiga wembamba wa wageni? Hasha. Huko kwenye visiwa vya Fiji, ambako mwili mkubwa ulikuwa ukipendwa, televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka wa 1995. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1998, mtafiti Anne Becker aliwakuta wasichana wa shule, zaidi ya mmoja katika kila kumi, wakijitapisha ili wapungue, jambo ambalo halikuonekana kati ya wale waliochunguzwa mwaka ule wa 1995. Leo binti yako wa Buruburu ana televisheni hiyo ndani ya simu, mchana na usiku. Tusimtoe mtoto kwenye macho ya jirani tukamtia katika macho ya watu wa ng'ambo.

Kinachotufaa ni vipimo. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 25, uzito wako ni wa kawaida. Likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.60, uzito wa kawaida ni kati ya kilo 47 na 64 hivi. Nafasi hiyo ni pana, nayo inatosha wembamba na wanene wengi.

Hata kipimo hiki si msahafu. Hakitofautishi misuli na mafuta, na mwaka wa 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kwa watu wa Asia hatari huanza mapema zaidi, hata kwenye 23. Kwa hiyo ongeza kipimo kingine kisicho na gharama. Chukua kamba yenye urefu sawa na wako, ikunje mara mbili, uizungushe kiunoni juu ya kitovu. Ikishindwa kukutana, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mikono na miguu yako ni myembamba. Hayo ndiyo mafuta mabaya zaidi kwa moyo, na ndiyo yanayotengeneza kile kitambi tunachokipishia kiti.

Kisha nenda ukapimwe presha na sukari, uwe mnene au mwembamba. Na ukipungua uzito bila kukusudia, usingoje: nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Kukonda bila sababu kunahitaji daktari, hakuhitaji mnong'ono.

Mwisho, nakuomba kitu kidogo ambacho hakina gharama. Ukikutana na rafiki yako kesho, usimpime. Muulize analalaje, watoto wako vipi, kazi inaendaje. Ukiona amepungua na una wasiwasi naye kwa dhati, mwite kando, umuulize kama amepata mtu wa kumsindikiza kliniki, na umsindikize. Na akikwambia kwamba amepungua kwa kutaka kwake, mpe mkono na umwambie aendelee.

Mizani inapatikana hata kando ya barabara, kwa yule kijana anayetoza shilingi chache. Tumwachie yeye kazi hiyo.