SOKETI YA KADI SI KAZI YA KIBARUA



Liko neno moja linalotembea katika karakana za Nakuru, nalo ni "kazi nyepesi". Mtu akiketi mezani akalehemu soketi za kadi kutwa nzima, msimamizi humwita kibarua, kwa kuwa habebi gunia wala hashiki nyundo. Leo twalijibu neno hilo, maana ndilo linalotupunguzia mshahara.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kadi ni ile bodi ya saketi inayoongoza mashine: pampu ya maji, mashine ya kusaga unga, tangi la kupozea maziwa. Ukingo wake una meno ya shaba, juu ya shaba pana nikeli, na juu ya nikeli pana dhahabu nyembamba sana. Meno hayo huingia katika soketi, na ndani ya soketi ziko springi ndogo zinazoyabana. Amri zote za mashine hupita hapo. Jino moja lisiposhika, mashine husimama, na kiwanda kizima husimama nayo.

Anayefunga soketi hiyo hana budi kuiketisha sawasawa, isiinuke upande mmoja. Hulehemu mguu mmoja kila mwisho, hutazama, ndipo akaendelea. Lehemu isipande hadi kwenye springi, na joto lisizidi likang'oa shaba katika bodi. Lehemu ya bati na risasi, ile ya sehemu 63 kwa 37, huyeyuka kwa nyuzi 183 za sentigredi. Ile isiyo na risasi yataka kama 217. Asiyejua tofauti hiyo ataharibu kazi. Soketi ya miguu 44 ina viungo 44, na kila kimoja chataka kuwa kizima. Je, huu ndio wepesi wenyewe?

Tena hewa ya Bonde la Ufa haina huruma. Huko Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza mwaka 1981, mvuke hutoka ardhini pamoja na gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Katika nyumba za mawaridi hufukizwa salfa ili kuzuia ukungu wa majani. Gesi hiyo na salfa hiyo hula shaba na fedha zikawa nyeusi. Kinga ya kadi ni ile dhahabu nyembamba. Msimamizi anayemwambia kijana asugue meno kwa raba ya shule ili yang'ae, anamwamuru aondoe kinga yenyewe.

Mimi niliyeandika haya nilikuwapo katika karakana moja ambayo siitaji jina. Kadi za pampu zilirudi mara ya pili, na dada mmoja aliyezifunga akaambiwa asirudi kesho. Tulipozitazama, lehemu yake ilikuwa safi. Kosa lilikuwa katika soketi: mnunuzi, kwa kutafuta rahisi, alileta zenye springi za bati, ilhali meno ya kadi ni ya dhahabu. Bati na dhahabu hazifai kukaa pamoja mahali penye mtikisiko wa pampu. Bati husuguliwa kidogo kidogo, hufanya kutu yake, na umeme hukatika. Dada huyo alikuwa amesema jambo hilo siku soketi zilipofika. Alijibiwa kwamba kibarua hafundishi ofisi.

Wapo wasemao kwamba kazi hii yafundishwa kwa siku moja. Haya, na iwe hivyo. Basi kadi ikirudi, kwa nini afukuzwe yeye kwa kukosa ujuzi ambao mmesema hautakiwi? Mtu hawezi kuwa kibarua siku ya mshahara na kuwa fundi siku ya lawama. Waajiri wachague moja.

Na wepesi huo una moshi. Moshi wa utomvu uliomo katika lehemu wajulikana kuwa huleta pumu kwa wanaouvuta kila siku. Risasi nayo hubaki vidoleni ikaingia mwilini pamoja na chakula. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri awakinge watu wake na moshi unaodhuru. Dirisha lililo wazi upande wa pili wa chumba si kinga.

Basi twadai mambo manne.

Moja: anayefunga soketi apelekwe kwenye mtihani wa ufundi wa serikali, alipwe kwa daraja lake. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Na mafunzo yaonekane. Nakuru tumeona kiwanda cha betri cha Eveready kikifungwa mwaka 2014. Kiwanda chaweza kuondoka, lakini cheti hubaki mkononi mwa mwenyewe.

Mbili: kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi ya 2007 kifuatwe. Aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja asiitwe kibarua wa siku mwaka baada ya mwaka.

Tatu: kila meza iwe na feni ya kuvuta moshi karibu na lehemu, na maji na sabuni kabla ya chakula.

Nne: kadi ikirudi, ichunguzwe mbele ya mfungaji na mwakilishi wa chama kabla ya mtu kulaumiwa.

Nawe ndugu, nawe dada, ukiitwa ofisini kwa kosa, usitie sahihi peke yako. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo chakupa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoifahamu, na ya kuwa na mwenzako au mwakilishi wa chama kando yako. Mwite kabla kalamu haijagusa karatasi.

Umoja ni nguvu.