Weusi wa Jino Lililozibwa

Mwenzetu mmoja katika ofisi hii aling'olewa gego kwa sababu moja tu: lilikuwa jeusi. Gego hilo lilizibwa zaidi ya miaka 20 nyuma, halikuwa likiuma wala kucheza. Alipoliona katika kioo alidhani limeoza, akaenda mwenyewe kuomba litolewe, na likatolewa bila ya yeye kuulizwa maswali mengi. Alipopewa mkononi aliliona jino zima, na kizibo chake kimeshika barabara.

Hatulielezi jambo hili kwa kumcheka. Tunaamini kwamba wako wengi, mjini na mashamba, ambao wamepoteza meno mazima kwa kukosa maneno machache ya maelezo.

Kizibo cha rangi ya fedha, ambacho ndicho kizazi chetu kilichokijua, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na iliyobaki hasa ni fedha, bati na shaba. Kikiwa kipya hung'ara. Lakini kinywani mna salfa itokanayo na chakula na vijidudu, na salfa ikikutana na madini hayo hufanya utando mweusi, kama ule unaoingia katika bangili ya fedha iliyowekwa sandukuni. Utando huo ni wa juu juu, na mara nyingi mganga akiusugua kizibo hung'ara tena. Pengine rangi hupenya katika jino lenyewe, likawa na kivuli cha kijivu. Hapo napo si lazima kuwa pana uozo. Linalopasa kutazamwa ni ukingo, pale kizibo kinapokutana na jino: pakifanya mwanya, pakiwa laini, au mtu akihisi maumivu anywapo maji baridi, asikawie kwenda hospitali.

Vizibo vyeupe navyo havikusalimika. Vile vya resini, vilivyotokana na kazi ya Rafael Bowen wa Marekani ambaye alipata hataza yake mwaka 1962, hugeuka kwa nje na kwa ndani. Kwa nje hutiwa rangi na chai, kahawa, bizari, tumbaku na tambuu. (Sisi wa visiwa hivi tunavyo vyote vitano, na hatudhani kuwa iko wizara itakayoweza kutunyang'anya kahawa ya barazani.) Kwa ndani, resini hunywa maji kidogo kidogo, na kemikali zilizotumika kuigandisha hubadilika kwa miaka, kizibo kikaingia umanjano. Resini hiyo hugandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu, tabaka baada ya tabaka, kila moja kwa kawaida isiyozidi milimita 2. Taa ikiwa dhaifu, au muda ukikatwa kwa kuwa foleni ni ndefu, sehemu ya resini hubaki mbichi, na resini mbichi hunywa rangi upesi zaidi. Kwa hiyo kizibo kilichogeuka mapema huweza kuwa ushahidi wa taa mbovu na kazi ya haraka, wala si uchafu wa mgonjwa.

Tunayasema haya kwa sababu kizibo cha zebaki kinaondoka. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unapunguza matumizi ya zebaki duniani, na Novemba 2025 huko Geneva nchi wanachama zilikubaliana kuacha kuzibia meno kwa zebaki ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono uamuzi huo. Ila isije ikafahamika kwamba walio na vizibo vya zamani wakimbilie kuving'oa. Kizibo kizima huachwa, kwani kukichimba ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki kwa wingi.

Kwa vituo visivyo na umeme wa uhakika iko njia nyingine, nayo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: uozo huondolewa kwa vyombo vya mkono, na tundu likazibwa kwa saruji ya glasi ayonoma, ambayo inaweza kuganda bila taa. Saruji hiyo hukwaruzika na kufifia mapema kuliko resini, lakini hutoa floridi na jino likabaki. Iko pia dawa ya maji ya fedha na floridi, ambayo hupakwa kusimamisha uozo na hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi kabisa. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limeziweka zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu.

Tunawaomba wakuu wa afya wahakikishe kwamba taa za kugandishia zinapimwa nguvu mara kwa mara, na kwamba kila aliyezibwa jino anapewa kadi yenye tarehe na aina ya kizibo. Na mzazi ambaye mwanawe atapakwa dawa ya fedha aelezwe habari ya weusi huo kabla ya mtoto kukaa kitini, si baada ya kufika nyumbani.