Sauti Zilizorudishwa Darasani

Kila mwaka, siku za mashindano ya nyimbo zinapokaribia, jambo moja hutendeka katika shule nyingi za nchi yetu, nawe msomaji yamkini umelishuhudia. Hutangazwa kwamba wapendao kuimba wakutane ukumbini baada ya masomo. Huja mia au zaidi. Mwalimu humtaka kila mmoja apande na kushuka ngazi ya sauti, na jua halijatua zaidi ya nusu wamekwisha kuambiwa warudi darasani. Waliosalia ndio kwaya ya shule. Waliorudishwa hawaulizwi tena kama wangependa kuimba, na wengi wao huondoka shuleni wakiamini kwamba Mungu hakuwapa sauti.

Nasema desturi hii ni mbaya.

Usidhani nayalaumu mashindano yenyewe. Tamasha la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka wa 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, na hata leo huwapandisha vijana kutoka kaunti ndogo hadi taifa, na washindi huimba mbele ya Rais. Huko kijana wa Turkana husikia wimbo wa Kwale ambao pengine asingeusikia maishani. Hilo si dogo. Ninalolaumu ni kwamba kikombe kimegeuzwa kuwa mwalimu. Kwaya hukaririshwa nyimbo mbili tatu kwa majuma mengi, neno kwa neno, mpaka mwimbaji aziimbe usingizini. Lakini ukimpa karatasi ya wimbo mwingine, hawezi kuusoma. Cheti kikisha kutundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, kwaya huvunjika, na ukumbi hukaa kimya mpaka mwaka ujao. Je, hiyo ni elimu ya muziki?

Hebu tuzitazame zile herufi ambazo waimbaji wetu huzitumia: do, re, mi, fa, so. Asili ya njia hii ya kusomea nyimbo ni mwanamke wa Norwich, Uingereza, jina lake Sarah Glover, na katika karne ya kumi na tisa mchungaji John Curwen akaichukua na kuieneza. Curwen hakutafuta waimbaji wa kumshindia kikombe. Mnamo 1841 alitakiwa atafute namna rahisi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule za Jumapili, na akaiona humo. Chombo hicho kilichongwa makusudi kwa ajili ya wale wasiokuwa na ala nyumbani wala fedha za kumlipa mwalimu. Wamisionari wakatuletea. Nasi tumefanya nini? Twakitumia kuwachuja watu ambao kilitengenezwa kwa ajili yao.

Au tutazame karibu zaidi. Wimbo wetu wa taifa, ulioimbwa nchi ilipopata uhuru Desemba 1963, sauti yake ilitokana na bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana. Waliokabidhiwa kazi ya kuutunga walikuwa mabingwa, miongoni mwao Graham Hyslop na George Senoga-Zake, nao sharti tuwaheshimu. Lakini bembelezo lile lilitunzwa na nani kabla yao? Na akina mama wenye watoto mgongoni, ambao hakuna mwamuzi aliyewahi kuwapa alama.

Utanijibu kwamba kandanda pia huchezwa na kumi na mmoja. Kweli, ila asiyechaguliwa katika timu bado ana kiwanja na mpira kila jioni, na akipenda hucheza hata kwa mpira wa matambara. Aliyekataliwa na kwaya hana kwaya ya pili. Wengine watasema kwamba baadhi ya watu hawana sauti kabisa. Nimewasikia walimu wakilisema hili kwa urahisi wa ajabu! Wengi wanaokosea sauti hawajafundishwa kusikiliza. Mweke kati ya wawili walio imara, naye baada ya muda huanza kuwafuata. Zaidi ya hayo, mvulana anayebalehe yumo katika umri wa kubadilika sauti. Leo anakwaruza kama jogoo mchanga, na baada ya muda huenda akawa besi ambaye shule nzima ingemhitaji. Nani atamjua, ikiwa alifukuzwa?

Kwaya teule isifutwe. Wenye vipawa wanastahili kazi ngumu na heshima yake. Nataka tu itoke ndani ya kwaya kubwa iliyo wazi kwa kila ajaye, ikutane mwaka mzima, na wateule wake warudi humo baada ya mashindano. Tena ningefurahi kuona shule ikipanda jukwaani na kidato kizima, bila kuchujwa hata mmoja, na waamuzi wakapima ni kiasi gani wamefundishwa.

Basi wewe uliyechaguliwa, urudipo na kikombe, mfundishe jirani yako wa bwenini sehemu yako ya alto. Nawe uliyerudishwa, kusanya wenzako kumi, mkamwombe mwalimu saa moja ya Jumamosi. Akisema ukumbi una shughuli, chini ya mti panatosha.