Gari Kuukuu Linapokunywa Petroli Kupita Kiasi



Sisi tunaoishi na gari lenye umri mkubwa tunalijua jambo hili. Petroli iliyokuwa ikitosha wiki nzima sasa inaisha siku ya tano. Baba analaumu foleni, fundi analaumu petroli chafu, na mama ndiye anayelazimika kupunguza kitu sokoni ili pesa zitoshe.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme gari lilikuwa likienda kilometa 12 kwa lita moja, na sasa linakwenda 9 tu. Ikiwa kwa mwezi linatembea kilometa 360, zamani lilihitaji lita 30, na sasa linahitaji 40. Kwa mwaka mzima ni lita 120 zilizopotea bure. Zidisha kwa bei ya petroli ya hapo kwenu, utaona ni sare ngapi za shule zimetoka kwa njia ya bomba la moshi.

Sababu zaweza kuwa nyingi: plagi zilizochoka, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, hata matairi yenye upepo mdogo. Chunguzeni hayo kwanza, maana ni rahisi. Lakini kama yote ni mazima, iangalieni sensa ya oksijeni. Ni kifaa kidogo ambacho familia yaweza kukibadilisha nyumbani kwa saa moja au mbili.

KAZI YAKE NI NINI?

Magari mengi yenye kabureta hayana sensa hii. Ni ya magari yanayoongozwa na kompyuta, na iliwekwa kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Imefungwa kwenye ekzosi, aghalabu karibu na injini, na hufanya kama mpishi anayeonja mchuzi. Huonja moshi, ikalinganisha oksijeni iliyobaki humo na ile ya hewa ya nje, kisha hupeleka habari kwa kompyuta kwa umeme mdogo, kati ya volti 0.1 na 0.9. Kompyuta nayo huongeza au hupunguza petroli. Kipimo kinachotafutwa ni kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 hivi za hewa.

Sensa ikichoka, kompyuta hubaki ikikisia, na mara nyingi humwaga petroli nyingi ili injini isizimike. Ndipo mnaona moshi mweusi, plagi zenye masizi, harufu ya petroli nyuma ya gari, na injini inayotetemeka mkisimama. Mkiacha hivyo kwa muda mrefu, masega yanayosafisha moshi ndani ya ekzosi nayo huungua, na hayo ni ya bei kubwa kuliko sensa.

Yafaa kujua pia kwamba petroli inapozidi, moshi huwa na kaboni monoksaidi nyingi zaidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, nayo huua. Kama ekzosi ina tundu na watoto hulalamika kichwa au kichefuchefu wakiwa garini, simameni na mshuke wote mara moja mkapate hewa safi, wapelekeni hospitali, na msilitumie gari hilo mpaka ekzosi izibwe.

HAKIKISHENI KABLA YA KUNUNUA

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla za miaka ya mwanzo ya 1990. Ndani ya boneti kuna kijisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS. Chini ya kifuniko chake mtaona ramani ya matundu. Unganisheni tundu la TE1 na la E1 kwa kipande kifupi cha waya, kisha fungueni swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kumetameta. Ikimeta mara mbili, ikatulia kidogo, ikameta mara moja, hiyo ni namba 21, na maana yake ni sensa ya oksijeni. Someni ramani vizuri. Kuunganisha matundu yasiyo yake kwaweza kuunguza kitu.

Namba hiyo haithibitishi kwamba sensa imekufa. Waya wake waweza kuwa umekatika au umeungua kwa kugusa ekzosi. Na ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huingia na kuidanganya. Tazameni hayo kwanza.

Mkienda dukani, nendeni na namba ya chasisi. Hesabuni nyaya: sensa za zamani zina waya mmoja au mbili, na zile zenye kipasha joto zina tatu au nne. Angalieni pia inavyofungwa. Nyingine hujikaza zenyewe kwa uzi wake kama plagi, na nyingine hushikwa kwa nati mbili na gasketi, ambayo hununuliwa mpya. Sensa iliyotumika msinunue, hata kama ni rahisi. Zile zisizo na kipasha joto huchoka baada ya kilometa 50,000 hadi 80,000, na hamjui hiyo imeshatembea ngapi.

KAZI YENYEWE

1. Jioni ya siku iliyotangulia, nyunyizeni mafuta ya kulegeza kutu mahali sensa inapofungwa.

2. Siku ya kazi, wekeni gari nje, mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na mawe nyuma ya matairi. Msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Watoto wakae mbali.

3. Washeni injini kwa dakika chache ili chuma kipanuke, kisha izimeni. Ngojeni ekzosi ibaki na uvuguvugu tu. Vaeni glavu nene na miwani, kwa kuwa kutu huanguka machoni.

4. Kama sensa inafikiwa kutoka chini, msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumieni stendi za chuma. Kama hamna, kazi hiyo iachieni gereji.

5. Ondoeni waya wa hasi wa betri. Chomoeni kiungo cha waya wa sensa kwa kubonyeza kishikio chake; msivute waya.

6. Sensa ya uzi hufunguliwa kwa spana namba 22. Ikikataa, ongezeni mafuta na mngoje. Msiigombanishe kwa mtarimbo, maana uzi ukiharibika ndani ya ekzosi, kazi ndogo inageuka kubwa. Ikiendelea kukataa, hapana aibu kumwita fundi.

7. Itazameni ncha ya sensa iliyotoka. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli iliyozidi. Unga mweupe waweza kuwa umetokana na gundi ya silikoni ambayo mafundi hupaka wanapoziba injini. Mvuke wake huua sensa. Msipoondoa chanzo hicho, na mpya itakufa.

8. Fungeni mpya kwanza kwa mkono mpaka iingie vizuri, ndipo mkaze kwa spana. Isianguke, na ncha yake isiguswe na grisi, oili wala gundi. Sensa nyingi huja na dawa ya kuzuia kutu kwenye uzi, inatosha.

9. Pitisheni waya palepale ulipopita wa zamani, mbali na chuma cha moto. Rudisheni waya wa betri, washeni injini, na msikilize kama kuna mlio wa moshi unaovuja. Kufuta namba ya zamani kwenye Corolla, zimeni swichi, mtoe fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika hivi, kisha mwirudishe.

BAADA YA KAZI

Msihukumu kwa siku moja. Jazeni tangi, andikeni kilometa kwenye daftari, tembeeni kama kawaida, kisha jazeni tena. Gawanyeni kilometa kwa lita zilizoingia. Fanyeni hivyo mara tatu. Kama hakuna nafuu, tatizo liko kwingine, na sasa mna habari za kumpa fundi.

Akina mama wengine watasema hii ni kazi ya baba. Hata kama ni yeye atakayeshika spana, mama anayejua sensa ni nini haambiwi gerejini kwamba injini nzima imekwisha. Ombeni daima mpewe spea ya zamani iliyotolewa. Na binti aliye nyumbani asimame karibu aone, maana siku moja naye atakuwa na gari la kutunza na bajeti ya kulinda.