Dole gumba la bibi wa Kinole
Na Mkude wa Mgeta

"Halijasoma, bibi. Weka tena."

Kijana wa kusajili laini alikuwa chini ya mwavuli, nje ya Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro. Bibi aliyeshusha ndizi kutoka Kinole alitaka kurudishiwa laini iliyopotea. Akaweka dole gumba mara ya pili. Mara ya tatu. Mwandishi wa safu hii, ambaye wasomaji wanajua haendi sokoni ila kubembeleza bei, akauliza: hilo dole la kwanza limesajili laini ya nani? Kijana akafunga mkoba. Eti mtandao umekata. Mtandao upi, ilhali minara ya kilele cha Bondwa inautazama mji mzima?

Watu wakacheka. Wakamcheka bibi!

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 20, 2020 ikawa siku ya mwisho kwa laini za zamani. Laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tapeli naye akasoma alama za nyakati: kumbe kinachotakiwa ni kidole, na vidole vinajileta vyenyewe. Dole lililorudiwa huzaa laini ya kutumia watu ujumbe wa "ile hela tuma namba hii", na mwenye jina ni bibi wa watu. Kuna na utapeli mwingine: namba yako ikihamishiwa laini nyingine, simu yako inakosa mtandao ghafla. Wewe unaizima na kuiwasha. Mwenzio, ambaye jana alijifanya huduma kwa wateja akakuchota namba ya siri, anakomba salio.

Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeutaja Mkoa wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Mji kasoro bahari umejiongezea kasoro.

Msomaji, piga *106# leo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usiyoijua ikatae. Huduma kwa wateja ni 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akitaka namba ya siri, mkatie. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Mtandao ukikupotea wakati jirani anao, kimbilia duka la kampuni, si mwavuli.

Waliocheka wamekosea wa kumcheka. Kijana analipwa kwa kila laini anayosajili, na aliyempa mashine hamuulizi kidole kimoja kimezaa laini ngapi. Kampuni ndizo zinazopaswa kujibu, si bibi.