Kabati la dawa na kiondo cha susu

Desemba moja, miaka michache iliyopita, niliamshwa saa tisa za usiku hapa Wote kumpokea mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa kutoka upande wa Kathonzweni. Mwili ulikuwa umeloa jasho, macho yamegeuka, na mama yake alikwisha kusadiki kwamba ni malaria iliyopanda kichwani. Nilipompima sukari katika damu niliikuta iko chini mno. Tulimtia maji ya glukosi mshipani, na baada ya muda mfupi akafumbua macho, akaanza kulia. Hapo ndipo nyanya yake alipokumbuka kwamba jioni ile alikuta pakiti ya tembe zake za ugonjwa wa sukari imeraruliwa ndani ya kiondo. Zilipungua mbili, labda tatu. Hakuwa na hakika.

Familia hiyo ilikuwa imetoka Nairobi kuja kusherehekea Krismasi. Mtoto alijua tangu zamani kwamba kiondo cha susu hakikosi ndizi au peremende, akatia mkono kama ilivyo desturi yake. Tulilazimika kukaa naye hadi jioni ya siku iliyofuata, kwa sababu tembe za namna hiyo huishusha sukari, ukaipandisha, ikashuka tena. Tembe moja tu ya glibenklamaidi, ambayo mtu mzima huimeza asubuhi na kwenda zake shambani, yaweza kumuua mtoto wa umri huo. Baadhi ya dawa za presha nazo ni vivyo hivyo.

Mkasa huo hunijia kila ninapopita madukani mjini na kuona vikabati vya dawa vya kutundikwa bafuni, vyenye kioo mlangoni na pembe za kung'aa. Ndugu msomaji, sina ugomvi na urembo. Kitu kizuri hutundikwa mahali pa heshima kikatunzwa, ilhali sanduku baya husukumwa chini ya kitanda, yaani palepale mtoto anapotambaa. Ugomvi wangu ni na bafu lenyewe.

Mvuke wa maji ya moto ni adui wa dawa. Aspirini ikipata unyevu huharibika taratibu na kutoa harufu ya siki. Ukifungua chupa ukaisikia harufu hiyo, zirudishe tembe hizo kwa mwenye duka la dawa. Joto nalo lina yake. Pakiti nyingi zimeandikwa kwamba dawa isiwekwe mahali panapozidi nyuzi 30, na aliyewahi kukaa Kibwezi au Mutomo mwezi wa Februari, chini ya mabati yasiyo na dari, anajua kwamba hesabu hiyo hupitwa kabla ya saa sita za mchana. Tena bafuni mna ngazi tayari. Mimi mwenyewe, daktari mzima, nilikuwa na kabati langu juu ya sinki, hadi siku mume wangu alipomkuta kijana wetu wa miaka minne amesimama juu ya sinki hilo akijitazama kwenye kioo, mkono mmoja uko kwenye komeo. Tulilihamisha jioni ileile. Kioo humwita mtoto. Afadhali mlango wa mbao mtupu.

Wengine huniambia kwamba siku hizi kuna chupa ambazo mtoto hawezi kuzifungua. Ni kweli zipo. Daktari wa watoto Henri Breault, wa mji wa Windsor nchini Kanada, alikuwa miongoni mwa waliopigania kifuniko cha kubonyeza huku ukizungusha, kilichotokea mwaka 1967, na Marekani ikapitisha sheria ya vifuniko vya aina hiyo mwaka 1970. Maisha mengi yaliokolewa. Hata hivyo, kifuniko huhesabiwa kuwa kimefaulu mtihani hata kama watoto 20 kati ya 100 wamekifungua baada ya kuonyeshwa jinsi ya kufanya. Kazi yake ni kumchelewesha mtoto, basi. Nasi huku tembe nyingi hupewa katika bahasha ya karatasi au kipakiti cha plastiki, kwa hiyo kifuniko chetu ni mlango wa kabati.

Basi lichaguliwe vipi? Liwe na kufuli au kitasa cha ufunguo, na ufunguo usitundikwe msumarini kando yake. Litundikwe ukutani chumbani mwa wazazi, juu ya kichwa cha mtu mzima, pasipo kiti, kitanda wala meza chini yake. Kuhusu sura, huna haja ya kuagiza la plastiki kutoka ng'ambo. Ukambani tuna mukau, mti ambao mchwa hawaupendi na ambao watafiti wa misitu wa KEFRI kule Kitui wameushughulikia kwa miaka mingi. Fundi seremala wa Kitui mjini au Wote atakutengenezea kabati la mukau ambalo mgeni atadhani ni la vyombo vya thamani. Pampu ya pumu isifungiwe humo. Hiyo huhitajiwa upesi, iwekwe tu juu.

Na humo ziingie dawa za watu peke yake. Dawa ya kupe, dawa ya wadudu wa ndengu na mafuta ya taa vikae nje ya nyumba, katika stoo yenye kufuli, ndani ya chombo vilichonunuliwa nacho. Mafuta ya taa katika chupa ya soda yameshanipa kazi nyingi mno. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa: anapotapika, mafuta huingia mapafuni, na mapafu ndiyo huua. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Vivyo hivyo kwa tembe, chukua pakiti, hata kama ni tupu. Ikiwa ni tembe za sukari na mtoto yu macho, aweza kumeza, mpe maji yenye sukari njiani.

Jambo gumu zaidi ni kumweleza mzee. Ninyi mnaosafiri Desemba mna makabati Nairobi na Mombasa, lakini dawa zenye hatari kubwa zaidi ziko kule mnakokwenda, kitandani kwa susu. Wengi huona haya kumwambia mama mkwe afungie vitu vyake, na nawaelewa. Kwetu si neno dogo. Mnunulieni kabati kama zawadi ya sikukuu, mkalitundike wenyewe siku mnapofika, kabla mizigo haijafunguliwa.

Nyanya wa Kathonzweni alijitengenezea la kwake, la mukau, na ufunguo huufunga kwenye pindo la leso. Bado huja kliniki kila mwezi kuchukua dawa, na kila mwezi hunilalamikia kwamba fundi alimtoza pesa nyingi.