Aulizwe Achotaye Maji



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wa pwani waliowahi kwenda Nairobi kwa barabara wanaujua mji mdogo wa Salama, ukishapita Sultan Hamud, katika Kaunti ya Makueni. Wengi wetu tunaupita tu, tukayaona maduka ya kando ya njia, wala hatujiulizi wakaao nyuma ya maduka hayo wanapata wapi maji. Nchi ile ni kame. Mito yake mingi hutiririka siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Lakini chini ya mchanga huo mna maji, na anayeyajua zaidi ni mwanamke aendaye kuyafukua kwa kata na mtungi wake.

Ukambani watu wameyageuza maarifa hayo kuwa ujenzi. Hujenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto wa msimu, juu ya mwamba mgumu. Mafuriko yakija huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa baina ya chembe zake yakiwa yamekingwa na jua. Kazi hiyo hufanywa kwa mwethya, yaani wanakijiji kusaidiana kwa mikono yao, na mikono mingi ni ya akina mama.

Sasa tutafakari. Ukuta ule ukijengwa mahali pasipofaa, jasho lote limepotea. Mwamba wenye nyufa huvujisha maji, na penye mawe ya chumvi maji hayanyweki. Mhandisi ana vipimo vyake, navyo ni vya lazima, hatuvidharau. Lakini mkaazi wa miaka thelathini anajua ni shimo gani hubaki na maji mwezi wa Septemba, mikuyu imeota wapi, na ni jabali gani ng'ombe hulilamba kwa ajili ya munyu wake. Mambo hayo mgeni hayapati kwa ziara ya asubuhi moja. Ni lazima aulize, na amuulize ajuaye.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 10, imeufanya ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala. Makueni ilijulikana kwa kulichukua jambo hilo kwa uzito. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, mikutano ilianzia kijijini, ikapanda kwenye kundi la vijiji, kisha wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, na mwisho kaunti. Wenyeji walichagua kamati za kusimamia miradi, na mkandarasi alihitaji kamati iridhike na kazi yake kabla ya kulipwa. Watu wa kaunti nyingine walikwenda kujifunza huko.

Hata hivyo, sheria njema yaweza kutekelezwa kwa sura tupu. Tangazo hubandikwa ukutani mwa ofisi ambayo mama hana haja ya kuingia. Kikao huitwa saa ambayo yeye yuko mtoni. Akiwahi kufika, huketi nyuma, na ramani imekwisha kuchapishwa. Jina lake huandikwa, soda hutolewa, kisha husemwa kuwa wananchi wameshirikishwa. Huo si ushauri, ndugu zangu. Ni kutafuta mashahidi wa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Dini yetu imetufundisha vingine. Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, na humo waumini wamesifiwa kwa kushauriana katika mambo yao. Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipopiga kambi, Al-Hubab bin Al-Mundhir (R.A.) alimuuliza kwa adabu kama mahali pale pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai. Alipojibiwa kuwa ni rai, akashauri wasogee mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui. Mtume akalikubali shauri, na kambi ikahamishwa.

Na Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, masahaba walipolemewa na huzuni hata wakasita kuchinja na kunyoa, aliyetoa shauri alikuwa mwanamke, Bibi Ummu Salama (R.A.). Alimwambia Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Ikiwa yeye apokeaye wahyi aliisikiliza rai ya mkewe, ni afisa gani wa leo aliye mkubwa mno kumsikiliza mchota maji?

Msidhani haya ni ya bara peke yake. Huku kwetu, mwezi wa Juni 2019, jopo la kitaifa linaloamua mashauri ya mazingira liliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Miongoni mwa sababu zake ni kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na akina mama wa Lamu walikuwa na la kusema kuhusu bahari yao, nao walipaswa kusikilizwa kabla leseni haijatolewa.

Basi wenye madaraka tunawaomba waite vikao saa ambayo mama aweza kufika, na waende na karatasi nyeupe badala ya ramani iliyokamilika. Akina baba, siku ya kikao shikeni watoto na mchote maji nyinyi, Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, wala haikumpunguzia heshima. Nanyi mama zetu na dada zetu, elimu mliyo nayo ni amana. Mkiona kisima chapimwa penye maji ya chumvi, au choo cha madrasa chachimbwa juu ya chemchemi, msinyamaze kwa haya, mkaja kulalamika jikoni ukuta ukishasimama. Semeni kwa adabu, semeni mbele ya watu, na mtake maneno yenu yaandikwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu wa Salama na kwingineko mvua ya kheri, na atujaalie viongozi wanaouliza na raia wanaojibu kwa ukweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.